Nyuzi Arobaini

Kifaa cha kwanza nilikiunda kwa kiburi.
Mota ya waipa kutoka Pijo iliyofia Pongwe,
bati la milimita tatu, mnyororo wa baiskeli,
na bawaba moja ubavuni, nene kama ya lango la bohari.
Nikakipaka rangi ya fedha. Nikakipiga picha.

Saumu Mhina akaingia na mkongojo wake,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
mwezi wa saba tangu robota la mkonge limdondokee
zamu ya usiku.
Akaketi. Akapandisha gauni juu ya goti. "Haya, fundi."
Nikabonyeza.
Nyuzi ishirini. Thelathini.
Kwenye arobaini kucha zake zikaingia mkononi mwangu.
"Zima! Mguu unakwenda huku,
chuma chako kinakwenda kule!"

Kisha, akipangusa jasho:
"Na nyuzi gani hizo unazozihesabu?
Mimi nyuzi nimezichana miaka kumi na tisa,
nyeupe, ndefu, zinakata vidole.
Hazijapata kuwa arobaini tu."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jioni nilinunua goti la ng'ombe buchani kwa Shekivuli.
("Supu?" "Hapana, shule.")
Nikalipasua juu ya gazeti, chini ya taa.
Nilitafuta msumari. Kila bawaba ina msumari.
Goti halina.
Mfupa unabingirika kidogo, halafu unateleza,
halafu unabingirika tena,
na katikati kano mbili zimepishana
kama miguu ya mbuzi ya nazi iliyokunjuliwa.

Nililala saa tisa za usiku, mikono inanuka mafuta.
Asubuhi bawaba niliitupa.
Nikakata vyuma viwili vyembamba, nikavipishanisha,
kitovu cha mzunguko kikawa kinahama
kila mguu unapokunjwa,
kama kivuli kinavyohama uani.

Hoza wa fiziotherapia akatia neno:
"Usimbebe. Mtu akibebwa, misuli inasinzia.
Mota isikilize. Akisukuma yeye, yenyewe ilegee."
Rahisi kusema.
Wiki tano nilifundisha waya kusikiliza,
nikaunguza saketi tatu, nikamkopa shemeji.

Kitabu kinasema nyuzi tisini zatosha.
Tisini ni kiti.
Kitabu hakimjui Saumu.
"Kiti ninacho," alisema. "Nataka mkeka.
Nataka paji langu lifike chini,
nimechoka kusali nimekaa kama mgeni."
Nikapima kwa goti langu mwenyewe, sakafuni,
wanafunzi wangu wawili wakidhani
nimeanza ibada saa nne asubuhi:
mia na arobaini na ushee.
Nikarefusha vyuma. Nikaanza upya.

Daftari langu.
Februari: themanini na mbili, mota inavuta ampea mbili.
Machi: mia na tano, ampea moja na nusu.
Aprili, masika. Ukanda wa kunata ulimchubua ngozi,
joto la Tanga halina adabu,
siku nne hakukivaa, nyuzi sita zikapotea.
Akaja na ukanda wake:
mkonge aliousokota mwenyewe,
ndani kautia bitana ya kanga kuukuu.
Sijapata kubuni kitu kizuri kama kile.

Mei: mia na thelathini, nukta nne ya ampea.
"Mbona siku hizi haingurumi?"
Nikamwambia inafanya kidogo
kwa kuwa yeye anafanya kingi.
"Basi iongezee mlio," akasema.
"Nimeuzoea. Kama mume anayekoroma."

Juni alikirudisha
ndani ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri.
Hakusema amefika nyuzi ngapi.
Daftari lilikuwa wazi, kalamu mkononi, nami sikuuliza:
kwenye paji lake la uso
ukili wa mkeka ulikuwa umeacha alama.

Aligeuka kutoka, akasita mlangoni.
"Ila ukanda wangu nirudishie.
Hiyo kanga ni ya mama."